Neno "accuse": jinsi ya kulitumia bila kujitia taabuni

Hapa jeti ya Lamu, yaani gati la boti, kuna kijana anauza safari za mashua, kiingereza chake ni cha kuokota tu lakini kinakimbia kama mashine ya boti, na kila mgeni akishuka anamfuata mbio, "accuse me sir, accuse me madam". Anakusudia excuse me, yaani samahani. Siku moja mzee mmoja wa kizungu akasimama, akaweka begi chini, akamtizama usoni akamuuliza, "Of what?" Kijana hakubabaika, akajibu hapohapo "of dolphin, of snorkel, very good price", mzee akacheka mpaka akashika ukuta, na safari akaichukua.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale nasubiri mzigo wangu wa karatasi uvuke kutoka Mokowe, nikacheka kwa kuwafuata wenzangu tu, manake siku hio hata mimi sikujua kichekesho kiko wapi. Nimekuja kukijua kwa hii kazi yangu. Nina kijiduka cha kutaipu na kuprinti huku Langoni, na barua ninazoletewa kwa wingi si za kuomba kazi kama mnavodhani, ni za watu kushtakiana, jirani na jirani, mwenye nyumba na mpangaji, mwenye punda na mwenye mahindi yaliyoliwa na punda. Wengi wanataka barua iende kwa kiingereza manake wanaamini kiingereza kina meno zaidi, na humo ndani hili neno accuse ndio limejaa, na limekosewa kila aina ya kukosewa. Kwa hivo naandika hapa ninayoyajua, mwenye haja achukue.

Maana yake kwanza. Ku-accuse ni kumwambia mtu, ama kuwaambia watu juu yake, kwamba amefanya kosa. Basi. Neno lenyewe halisemi kama kosa amelifanya kweli, halisemi kama kuna ushahidi, linasema tu kwamba kuna mtu amefungua mdomo akalisema. Mtu akiwa accused bado hajawa mwizi, amekuwa mtu aliyeambiwa ni mwizi, na hizo ni hali mbili tofauti kabisa japo kwenye baraza zetu huwa hatungoji kuzitofautisha. Kwa Kiswahili lililo karibu nalo zaidi ni kutuhumu.

Sasa ile "of what?" ya mzee. Accuse ni neno lisilopenda kukaa peke yake, ukishamtaja mtu msikizaji anangojea umtajie na kosa, na kosa linaletwa na neno moja tu nalo ni of. Si for, si with, si that. Ndio manake mzee aliuliza vile, alisikia "nituhumu mimi bwana", akauliza nikutuhumu kwa kosa gani? Sentensi zake zinakwenda hivi:

He accused me of theft. Amenituhumu kwa wizi.
He accused me of stealing his donkey. Amenituhumu kwamba nimemuibia punda wake.
I was accused of lying. Nilituhumiwa kuwa nasema uongo.

Tizama baada ya of kinakuja nini. Ama ni jina la kosa lenyewe, theft, fraud, assault, ama ni kitendo lakini kimevaa ing nyuma, stealing, lying, cheating. Kitendo kitupu hakiingii pale, "accused of steal" ni kosa na "accused of to steal" ni kosa kubwa zaidi. Ukitaka kukazia kwamba mambo yalishapita unaweza kusema accused of having stolen, ni sawa, ila ni kiingereza cha kuvaa koti, of stealing inatosha kila siku.

Kosa letu sisi watu wa Kiswahili linatoka mahali pamoja nami naapa ukilijua hilo umemaliza nusu ya kazi. Linatoka kwenye "kwa". Sisi tunatuhumiwa kwa wizi, tunakamatwa kwa wizi, tunashtakiwa kwa wizi, tunalaumiwa kwa wizi, tunahukumiwa kwa wizi, kwa kwa kwa, neno moja linabeba mizigo yote kama punda wa mchanga. Kiingereza kila hatua wameipa kineno chake. Sasa mtu akija na "kwa" yake kichwani anaifasiri for kila mahali, ndio unapata "he accused me for stealing", na nimeliona hilo mpaka kwenye barua za watu wenye vyeo vyao.

Dawa niliyoipata ni kuyajifunza maneno haya kwa hadithi, usiyakariri moja moja yatakupotea. Chukua punda amepotea Lamu. Usiku watu wanamshuku kijana fulani, hapo he is suspected of stealing the donkey. Asubuhi mwenye punda anamtolea maneno mbele za watu, he is accused of stealing it. Polisi wanamkamata, he is arrested for stealing it, umeona hapo for imeingia. Anapelekwa kortini anasomewa mashtaka, he is charged with stealing it, hapo ni with. Anakana, he pleads not guilty to the charge. Kesi inasikizwa, he is tried for theft. Mwisho ama anapatikana na hatia, convicted of theft, ama anaachiliwa, acquitted of theft. Akipatikana anafungwa, sentenced to two years. Soma hio hadithi kwa sauti mara tano ukitembea kutoka Mkunguni mpaka Mkomani, utafika imekaa. Kama unataka njia ya mkato, maneno yanayosema mtu ana doa ama hana doa yanapenda of: suspected of, accused of, guilty of, innocent of, convicted of, acquitted of. Yale yanayosema mtu amefanywa kitu kwa sababu ya kosa yanapenda for: arrested for, fined for, punished for, jailed for, sued for, blamed for. Charged anakaa peke yake na with, ana kiburi.

Na huyo charged ana vituko vingine. Akigeuka akawa jina, charge, anarudi kwenye of, utasoma gazetini "he was arrested on a charge of theft". Halafu bila with anakuwa bei, he was charged five hundred shillings, ametozwa mia tano. Kuna mama aliniambia nimuandikie kwamba fundi "has charged me with two thousand" nami nikaona fundi anampeleka mama kortini na noti mbili mkononi.

Kwa vile tumemtaja punda, aside kidogo ya sheria ambayo watu wa huku ingewafaa. Kwenye Penal Code ya Kenya, yaani sheria ya makosa ya jinai, wizi wa kawaida uko kifungu cha 275 na kifungo chake hakizidi miaka 3, lakini kuiba mifugo kuna kifungu chake, 278, na kinafika miaka 14. Na punda yumo kwenye orodha. Ila ukiisoma kwa kiingereza utamkosa donkey, wao wamemuandika ass. Kijana mmoja wa sekondari alinisomea kile kifungu dukani akakatika kwa kicheko akidhani serikali imeandika matusi. Ni jina la zamani la punda tu, ametulia pale baina ya farasi na ngamia, na mbuni pia yumo sijui aliibiwa wapi.

Turudi. Kufasiri kutoka Kiswahili ndio kwenye mtego wa pili, manake sisi maneno tunayo mengi lakini mipaka yake haikai sawa na ya wao. Kushtaki hasa. Mtoto anamwambia mwenziwe "nitakushtaki kwa mama". Ukifasiri "I will accuse you to mum" umeharibu, wao wanasema I'll tell Mum on you, ama I'll report you to Mum. Mpangaji anasema "nitamshtaki mwenye nyumba" akikusudia kesi ya madai, hapo ni sue, I will sue the landlord. Serikali ikimshtaki mtu kwa jinai ni charge, ama prosecute ukikusudia kuiendesha kesi yenyewe. Kwa hivo kabla hujaandika jiulize unashtaki wapi, kwa mama, kwa chifu, polisi, ama kortini, manake kila mlango una neno lake, na accuse kwa kweli haina mlango wowote, accuse unaweza kuifanya umekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi.

Kushutumu nako kunateleza. Kwenye taarifa za habari ukisikia "wabunge wamemshutumu waziri" mara nyingine ni accused na mara nyingine ni criticised ama condemned. Angalia kama kuna kosa limetajwa ambalo waziri anaweza kulikana. Kama lipo, mfano kuficha pesa, ni accused of hiding money. Kama wanalaani tu aliyoyasema ni condemned for, kwa for. Kulaumu ni blame na ni nyepesi kuliko accuse, kitu kimeharibika na mnatafuta nani wa kubebeshwa, na ina njia mbili, he blamed me for the accident, he blamed the accident on me, mtu na for, jambo na on. Blame unaweza kuilaumu hata pepo ya kusi kwa boti kuchelewa, accuse huwezi, pepo ya kusi haina la kujibu.

Kusingizia hawana neno moja zuri kama letu. Sisi ukisema "ananisingizia" imeisha, kila mtu amejua wewe huna kosa na yeye ni muongo. Wao lazima waongeze, he is falsely accusing me, I was wrongly accused. Falsely inagusa aliyesema, kwamba amesema uongo. Wrongly ni pole zaidi, labda alikosea tu. Ukiandikia mtu ambaye kesho mtaonana msikitini tumia wrongly.

Halafu kuna allege, huyu ndugu yake accuse aliyesoma. Allege ni kusema jambo ambalo bado halijathibitishwa, na hafuatwi na mtu, anafuatwa na that: he alleged that I took the money. "He alleged me of taking" hakuna, usinitajie. Ama kwa kugeuza, I am alleged to have taken the money. Na alleged ukiiweka mbele ya jina inakuwa kinga ya mwandishi, alleged thief, ndio gazeti la Kiswahili linaandika mshukiwa na wenzetu wa Tanzania mara nyingi wanaandika mtuhumiwa. Neno hilo linakwambia mwandishi mwenyewe haapi.

Matamshi nayapita mbio. Ni akyúuz, nguvu iko mwisho na mwisho ni z yenyewe, si akyuusi wala akyuuzi. Accused ni akyúuzd, usiipe silabi ya tatu, wengi wanasema akyuzedi. Accusation ni akyuzéishen. Excuse inaanza na eks, ukiitamka hio eks kwa nguvu hutamuambia mgeni yeyote akutuhumu.

Kuna the accused pia, yaani mshtakiwa, na hili ni neno la kortini linalochekesha kwa sababu halibadiliki, mmoja ni the accused is, kumi ni the accused are. Usiongeze s. Katiba ya 2010 kifungu cha 50 ndicho kinacholitumia kila mstari, every accused person, na humo wamesema lazima uhesabiwe huna hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, uelezwe mashtaka kwa undani wa kutosha kuyajibu, na kama hufahamu lugha inayotumika kortini upewe mkalimani bila malipo. Hilo la mkalimani liulizeni, nimeona watu wanaitikia yes yes kwa aibu tu. Lakini neno hili ni la kesi za jinai. Kesi ya madai, mfano deni ama mpaka wa kiwanja, hakuna accused, kuna plaintiff na defendant, mdai na mdaiwa. Kwa kadhi vilevile, mambo ya ndoa, talaka na mirathi, hakuna mtu accused pale hata kama maneno yanarushwa kama mawe, kwa hivo mama ukiandika "my husband the accused" kwenye karatasi za kadhi utakuwa umemtia mumeo jela ya maneno bure.

Sasa nifike kwenye lile lililonifunza mwenyewe, manake mpaka hapa nimeongea sarufi na sarufi ndio iliyonitia shimoni.

Miaka kadhaa nyuma alikuja dukani ami mmoja na karatasi iliyoandikwa na mjukuu wake, karatasi ya kwenda kwa chifu. Iliandikwa "I accuse my neighbour for steal my donkey", na jina la jirani kamili, la babake mpaka la babu. Ami akanambia, mwanangu nitengezee hii iwe ya kisawasawa. Mimi nikafurahi, kosa la for steal nimelijua, nikafuta, nikaandika of stealing, nikaweka tarehe, nikapanga mistari, nikaprinti kopi tatu. Sarufi safi kabisa, mwalimu yeyote angeipigia tiki. Ami akalipa akaenda zake.

Siku ya tatu punda akapatikana. Alikuwa Shela, ameungana na punda wa kubeba mchanga wa ujenzi, anakula maganda kwa amani, hakuna aliyemuiba, alitembea mwenyewe kwa ufukwe kama wanavyotembea punda wote wa huku. Na siku ya nne aliyeingia dukani kwangu ni yule jirani. Hakupaza sauti. Ameshika kopi ya barua, kidole amekiweka juu ya neno moja, akaniuliza "hili neno ni lako ama ni lake?" Nikasema ami ndie aliyenituma. Akasema, "sikuulizi nani alikutuma, nakuuliza, kwani yeye alimuona mtu akimchukua punda?" Nikanyamaza. Akasema, "ungemuuliza tu, shekhe, ungemuuliza tu." Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, akatoka, na deni la kopi niliyomtolea wiki iliopita akanilipa vilevile, shilingi kumi juu ya meza. Hio kumi ilinichoma kuliko angenitukana.

Wazee walikaa nao wakaisuluhisha, ikanywewa kahawa, imekwisha. Lakini tangu siku hio mtu akija na accuse kwenye karatasi namuuliza kwanza, umeona kwa macho yako? Kama hakuona, namwambia tuandike ulichonacho, na ulichonacho ni punda hayupo. Inakwenda hivi:

My donkey has been missing since Monday evening. I last saw it near the seafront at about six. I am asking for your help in finding it.

Hakuna mtu hapo. Kama kuna unayemshuku na una sababu, polisi waambie kwa mdomo na uwape sababu, na kwenye karatasi andika sababu badala ya jina la kosa: On Monday night I saw a young man leading a donkey like mine towards Shela. Hio ni nzito kuliko accuse yoyote, manake ni kitu ulichokiona na mtu anaweza kukifuatilia. Hata kama umeona wizi wenyewe na mwizi unamjua kwa jina, stetmenti nzuri ya polisi haihitaji accuse hata mara moja, inahitaji I saw, I heard, he told me, saa, mahali, nani mwengine alikuwepo. Kuchagua ni kosa gani na kifungu gani ni kazi yao, na kuamua kushtaki ni kazi ya ofisi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Wewe chukua namba yako ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, uende.

Na si adabu tu, ni sheria. Ukimtaja mtu kwa kosa kwenye karatasi ama kwenye grupu la wasapu na huna ushahidi anaweza kukudai fidia kwa kumharibia jina. Kumharibia mtu jina kulikuwa hata ni jinai mpaka mwaka 2017 High Court iliposema kifungu kile, cha 194, kinapingana na katiba, lakini kesi ya madai ipo palepale. Kwenda kumpa polisi habari ya uongo huku unajua ni ya uongo kumebaki jinai, kifungu cha 129.

Ikiwa accused ni wewe. Hili wanaliuliza sana vijana wa mahotelini, wa huku na wa Malindi, manake wakipewa barua ya show cause, ile ya kutakiwa ujieleze kwa nini usiadhibiwe, wanatetemeka wanajibu "I am sorry for accuse". Pole pole. Kwa mdomo kwanza, meneja akikugeuzia maneno yasiyo wazi, swali la heshima na lenye nguvu ni What exactly am I being accused of? Of imebaki mwisho kabisa inaning'inia, ndio mahali pake, usiogope. Hilo ni swali la yule mzee wa jeti, of what, lakini umelivisha viatu. Na usiseme "Are you accusing me?" kwa mkubwa wako labda umeamua kuacha kazi, kwa kiingereza hio ni ya kukunja mikono ya shati.

Kwa maandishi, barua ya show cause mara nyingi haitumii accuse, inasema it is alleged that you were absent on the night of kadha wa kadha. Basi wewe mjibu kwa neno lake:

I refer to your letter of 4 March, in which it is alleged that I was absent on the night of 1 March. I deny the allegation. I was on duty from 6 p.m. and I signed the night book at the gate.

Angalia deny. Kukana ni deny, na baada yake weka the allegation ama the accusation moja kwa moja, bila about, bila for. Na refuse si kukana, "I refuse the accusation" ni kosa tunalolifanya kwa sababu sisi tunakataa kazi na tunakataa kosa kwa neno moja la kukataa. Mstari mmoja wa kukana halafu kinachoonyesha, basi, usiandike ukurasa mzima wa kuapa. Na jua kwamba Employment Act ya 2007, yaani sheria ya ajira, kifungu cha 41 kinamtaka muajiri kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama pale. Lugha unayoifahamu, kwa hivo kama kiingereza kinakupiga chenga omba uelezwe Kiswahili, si aibu ni kifungu.

Kuna matumizi moja ya mzaha nilitaka kuyasahau. Waingereza wanapenda kusema nobody could accuse him of being early, yaani hakuna awezae kumtuhumu kwa kuwahi, manake huyo mtu huchelewa kila siku. Wanachukua jambo zuri wanalifanya kosa halafu wanasema hana hilo kosa. Ukilisikia usikasirike na usikimbilie kujibu I deny. Mimi nimelitumia kwa nahodha mmoja wa boti ya Mokowe, hakufahamu, nikamfasiria, akanambia yeye hachelewi, maji ndio yanatoka mapema.

Yule ami bado huja. Juzi kaja mbio, simu haipo, nayo ni simu mpya ya kutumiwa na mwanawe, anataka abstract ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti kitu kilichopotea, na barua ya kiingereza. Nimefungua kompyuta, kabla sijashika kibodi akaniwahi, "andika lost. L, o, s, t. Mtu sikumuona." Nikaandika lost. Nimeprinti kopi moja tu.